Historia ya Vyombo vya Kulitazamia Jua na Madoa Yake

Mtu akiketi mchana chini ya mwembe, au ndani ya nyumba ya makuti ambayo paa lake limeanza kuchakaa, ataona ardhini viduara vya mwanga vilivyotawanyika hapa na pale. Matundu yaliyoupitisha mwanga huo si ya mviringo. Jani limepishana na jani, kuti na kuti, na kila tundu lina umbo lake. Walakini viduara vyote ni vya mviringo. Sababu yake ni kwamba kila kiduara ni taswira ya jua lenyewe, iliyoangushwa chini na tundu dogo. Siku jua linapopatwa, viduara vyote hugeuka kuwa hilali, na mtoto asiye na chombo chochote aweza kujua ni kiasi gani cha jua kimefunikwa, pasipo kuinua macho yake juu.

Jambo hili dogo ndilo asili ya njia iliyowafundisha watu habari za jua kwa salama kuliko njia nyingine zote. Historia yake yastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa kuwa aghalabu husimuliwa kama kwamba wataalamu wa zamani walitafuta maarifa kwanza, na usalama wa macho ukawa jambo la pembeni, la kuongezwa baadaye kwa ajili ya watu waoga. Matukio yenyewe yaonyesha vingine. Mara nyingi hila iliyoyaokoa macho ndiyo hiyo hiyo iliyoleta maarifa, maana iliitoa taswira ya jua katika jicho la mtu mmoja na kuiweka juu ya karatasi, mahali ambapo watu wengi waliweza kuiona, kuipima, na kubishana juu yake.

Hatari ya kulitazama jua si ya kubuni. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ambao huupokea mwanga, nao hauna mishipa ya kusikia maumivu. Kwa hiyo mtu aweza kuuunguza utando huo asijue, mpaka baada ya saa kadhaa aonapo kiwi kisichoondoka katikati ya kila kitu anachokitazama. Darubini huizidisha hatari hiyo mara nyingi, kwa kuwa hukusanya miali iliyoangukia lenzi nzima na kuipitisha katika mboni moja. Wayunani walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya darubini: katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedo, Socrates ataja watu wanaoharibu macho yao kwa kulitazama jua lililopatwa, wasipoitazama taswira yake katika maji au katika kitu kingine cha namna hiyo. Wachina nao waliandika habari za doa jeusi juani tangu mwaka 28 kabla ya Masihi. Jicho tupu huweza kuona doa la namna hiyo likiwa kubwa sana, na hewa yenyewe ikiwa imekuwa pazia kwa vumbi au ukungu, jua likiwa karibu na upeo wa macho.

Wa kwanza kuieleza taswira ya tundu kwa hoja kamili alikuwa Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040. Aliandika risala mahsusi juu ya jambo hili, iitwayo Maqala fi surat al-kusuf. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulifahamu jina hilo: makala, sura na kusufu ni maneno aliyokwisha kuyazoea, na la mwisho zaidi kwa wale wanaoijua sala yake. Ibn al-Haytham aliuliza kwa nini jua lililopatwa hutoa taswira ya hilali katika tundu jembamba, hali mwezi mwandamo hautoi taswira kama hiyo katika tundu lile lile. Akaonyesha kwamba jibu halimo katika jua wala katika mwezi pekee, bali katika uwiano wa vipimo: upana wa tundu, na umbali uliopo kati ya tundu na ukuta unaopokea mwanga. Tundu likiwa pana, mwanga hufuata umbo la tundu. Likiwa jembamba, hufuata umbo la kilichoutoa.

Ubora wa njia hii ni usalama wake, na upungufu wake ni udogo wa taswira. Upana wa taswira ya jua huwa karibu sehemu moja ya 107 ya umbali kutoka tunduni. Hivyo chumba chenye meta 3 hutoa taswira isiyofika sentimeta 3, nayo ni hafifu. Kupatwa kwa jua huonekana humo bila shida. Gemma Frisius alikutazama kwa namna hiyo huko Louvain tarehe 24 Januari 1544, na mchoro wa chumba chake chenye giza ulipigwa chapa mwaka uliofuata. Lakini doa la jua halionekani humo ila liwe kubwa kupita kiasi.

Doa la namna hiyo lilitokea mwezi wa Mei 1607, na kisa chake chafundisha mengi. Johannes Kepler, mtaalamu wa falaki wa mfalme mkuu huko Prague, alikuwa amepiga hesabu kwamba sayari ya Utaridi ingepita karibu na jua siku zile. Akapanda chini ya paa la nyumba, ambako miali ilipenya katika nyufa za mbao, akaipokea kwa karatasi. Hakika akaona katika taswira ya jua kitone cheusi. Akawaita wengine washuhudie, maana jambo lililoko juu ya karatasi laweza kushuhudiwa, na mwaka 1609 akapiga chapa kitabu kidogo kutangaza kwamba ameiona Utaridi mbele ya jua. Haikuwa Utaridi. Taswira ya sayari hiyo ni ndogo mno kuonekana kwa tundu. Kepler alikuwa ameona doa la jua miaka michache kabla ya watu wengine wa Ulaya kuyatangaza, wala hakulijua. Baadaye alikiri kosa lake kwa uungwana. Karatasi ilimwonyesha kweli. Fikira zake ndizo zilizokwisha kuamua kitakachoonekana.

Darubini ilipojulikana Uholanzi mwaka 1608, haikupita miaka mitatu kabla watu kuielekeza juani. Thomas Harriot, Mwingereza aliyekaa karibu na London, alichora madoa mwezi wa Desemba 1610, na mchoro wake ndio wa kwanza uliosalia wa madoa yaliyoonwa kwa darubini. Alitazama moja kwa moja, aghalabu jua lilipokuwa chini au nyuma ya ukungu. Hakubahatika kila siku: mapema mwaka 1612 aliandika kwamba baada ya kutazama macho yake yalikuwa na giza kwa muda wa saa nzima. Aliacha michoro karibu 200, wala hakupiga chapa hata mmoja. Karatasi zake zililala katika nyumba ya tajiri mmoja mpaka zilipogunduliwa mwaka 1784. Taabu ile yote ya macho haikumfaidia mtu yeyote wa zama zake.

Huko Osteel, katika Frisia ya Mashariki, kijana Johannes Fabricius alirudi nyumbani kwa baba yake David, mchungaji wa kanisa na mtaalamu wa nyota, akiwa na darubini aliyoileta kutoka Uholanzi. Mwezi wa Machi 1611 waliyaona madoa. Mwanzoni walifanya kama Harriot: waliingiza kwanza ukingo wa jua tu katika darubini, jicho lizoee, kisha wakasogea polepole hadi katikati. Njia hii iliwaumiza macho wote wawili. Ndipo walipoiacha darubini na kuingia katika chumba cha giza, wakaipokea taswira ya jua kwa tundu dogo, na madoa makubwa wakayafuata siku baada ya siku, yakitoka upande mmoja wa jua na kutokomea upande wa pili. Johannes alipiga chapa kitabu chake huko Wittenberg mwaka ule ule 1611, nacho ndicho kitabu cha kwanza duniani juu ya madoa ya jua. Kilisomwa na wachache mno. Jina lake karibu lizamishwe na ugomvi wa watu wakubwa kuliko yeye.

Ugomvi wenyewe ulikuwa kati ya Christoph Scheiner na Galileo Galilei. Scheiner alikuwa padri wa Kijesuiti na mwalimu wa hesabu huko Ingolstadt, Ujerumani. Mwaka 1611 alilitazama jua kwa darubini iliyowekewa vioo vya rangi nzito, akampelekea barua Marc Welser, tajiri wa Augsburg, ambaye alizipiga chapa mwezi wa Januari 1612. Wakubwa wake hawakutaka jina la shirika lao liaibike ikiwa habari zile ni za uongo, kwa hiyo akajificha katika jina la Apelles, mchoraji wa Kiyunani ambaye hadithi yasema alijificha nyuma ya picha yake asikie watu watasemaje. Scheiner alishikilia kwamba madoa si ya jua lenyewe, bali ni nyota ndogo zinazolizunguka na kupita mbele yake.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya neno. Kilatini kiliyaita madoa haya *maculae*, na macula, kama waa au doa la Kiswahili, si alama ya nguoni tu. Ni aibu katika sifa ya mtu. Kusema kwamba jua lina waa, kwa watu waliofundishwa kwamba mbingu haziharibiki wala hazibadiliki, kulikuwa kama kumshitaki mtu mwenye heshima hadharani. Nyota ndogo za Scheiner zilikuwa utetezi wa mshitakiwa.

Welser alimpelekea Galileo barua hizo, akitaka rai yake. Galileo alijibu kwa barua tatu katika mwaka 1612, nazo zilipigwa chapa Roma mwaka 1613. Katika barua ya pili alieleza njia ya kutazama ambayo, kama alivyokiri mwenyewe, ilibuniwa na mwanafunzi wake Benedetto Castelli. Darubini huelekezwa juani, lakini hapana mtu anayeweka jicho lake. Badala ya jicho, karatasi nyeupe hushikwa nyuma ya lenzi ya mwisho, kwa umbali wa shubiri chache, na juu ya karatasi huchorwa kwanza duara kwa bikari. Karatasi husogezwa mbele au nyuma mpaka taswira ya jua ijae duara lile sawasawa. Basi huwa hakuna kazi ila kutia alama ya kalamu juu ya kila doa, mahali lilipo, kwa ukubwa lilio nao na umbo lililo nalo. Jua halikawii, husogea. Yule mchoraji hana budi kuifuata taswira kwa kuisogeza darubini, na ajuaye kwamba duara lake limejaa pande zote ajua kwamba hajakosea. Taswira huwa imepinduka, juu chini na kushoto kulia, lakini kosa hilo hurekebishwa kwa kuigeuza karatasi na kuitazama kwa nyuma dhidi ya mwanga.

Kwa njia hiyo Galileo aliweza kutoa michoro mikubwa ya jua, kuanzia tarehe 2 Juni 1612 hadi Julai, karibu kila siku na kwa saa zilizokaribiana. Michoro ya kwanza ya Scheiner ilikuwa vijiduara vilivyokusanywa katika sahani moja, vimechorwa kwa kukadiria kwa jicho. Tofauti hii ndiyo iliyoamua hoja. Katika michoro iliyopimwa, doa lililoko katikati ya jua huonekana pana. Lifikapo karibu na ukingo huwa jembamba, ingawa urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini haupungui, kama sarafu inayogeuzwa pole pole mpaka ionekane kwa ubavu. Tena mwendo wake huwa wa haraka katikati na wa taratibu ukingoni, na nafasi kati ya madoa mawili yanayofuatana hupungua kwa kiasi kile kile. Mambo haya matatu hukubaliana na kitu kilichoko juu ya uso wa tufe linalozunguka, au kilichogusana nao karibu sana. Kitu kinachozunguka mbali na tufe hilo hakiwezi kupungua kwa kipimo hicho. Hoja hii ni ya hesabu, na mtu aliyelitazama jua kwa kupepesa nyuma ya kioo cheusi, kisha akachora kwa kukumbuka, hangeweza kuileta.

Lakini si haki kumwacha Scheiner mahali pale. Aliitwaa njia ya karatasi, akaifanya bora kuliko alivyoifanya Galileo. Alitumia darubini ya lenzi mbili mbinuko kwa mfano wa Kepler, ambayo hutoa taswira kubwa zaidi. Akaunganisha darubini na ubao wa karatasi kwa fimbo moja, visiachane. Na kwa msaada wa Christoph Grienberger, Mjesuiti mwenzake, akakiweka chombo chote juu ya mhimili ulioinamishwa sambamba na mhimili wa dunia, hata mkono mmoja ukatosha kulifuata jua mchana kutwa. Chombo hicho alikiita helioskopi. Kwa miaka mingi alichora, na matunda yake yakawa kitabu kikubwa kiitwacho Rosa Ursina, kilichopigwa chapa Bracciano kati ya 1626 na 1630. Humo alikubali kwamba madoa yako juani, na akapima mwinamo wa mhimili wa jua kuwa kati ya digrii 6 na 8. Kipimo cha leo ni 7.25. Kitabu hicho kimejaa matusi kwa Galileo, nayo humchosha msomaji kabla hajaifikia michoro. Hata hivyo kwa muda wa zaidi ya karne moja hapakuwa na kitabu juu ya jua kilichokipita.

Imezoeleka kusimuliwa kwamba Galileo alipofuka kwa sababu ya kulitazama jua. Tarehe zakataa. Alipoteza macho yake katika miaka ya 1637 na 1638, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, baada ya robo karne tangu alipoanza kuitumia karatasi ya Castelli. Na maelezo ya ugonjwa wake yaelekea kwenye maradhi ya macho ya uzeeni. Hadithi hii imeendelea kuishi kwa sababu ni nzuri kwa masimulizi.

Karatasi ikawa chombo cha kawaida. Tarehe 7 Novemba 1631 Pierre Gassendi, huko Paris, aliingoja Utaridi ipite mbele ya jua kama hesabu za Kepler, aliyekwisha kufariki, zilivyotabiri. Akaona katika taswira kitone kidogo sana, akadhani ni doa la jua, kwa kuwa alitazamia kitu kikubwa zaidi. Mwendo wake wa haraka juu ya duara lililopimwa ndio uliomzindua. Hivyo Kepler aliliona doa akaliita Utaridi, na Gassendi nusura aione Utaridi akaiita doa. Mwaka 1639 Jeremiah Horrocks, kijana wa Kiingereza katika kijiji cha Much Hoole, aliiona Zuhura ikipita mbele ya jua katika duara la inchi sita alilolichora juu ya karatasi. Na Johannes Hevelius wa Danzig alichora madoa kati ya 1642 na 1645 kwa darubini iliyopenyezwa katika dirisha la chumba cha giza.

Thamani ya michoro hiyo ilionekana baadaye sana. Kuanzia karibu mwaka 1645 hadi 1715 madoa yalikuwa adimu, miaka mingine hayakuonekana kabisa. Laiti pasingalikuwa na michoro ya kabla yake, na watazamaji wenye bidii wakati wenyewe, upungufu huo ungalidhaniwa kuwa ni upungufu wa watazamaji.

Kioo cheusi hakikuachwa, nacho kina historia yake. Mwaka 1800 William Herschel, aliyekuwa na darubini kubwa kuliko za watu wote, alijaribu vioo vya rangi mbalimbali ili aweze kulitazama jua bila kuumia. Akaona jambo la ajabu: vioo vingine vilipitisha mwanga kidogo, na juu ya hayo akasikia joto kali jichoni; vingine vilipitisha mwanga mwingi, joto likawa haba. Akauliza kama rangi zote za mwanga zina joto sawa. Akaupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, akaweka vipimajoto katika kila rangi, na kimoja akakiweka nje ya nyekundu, mahali pasipo mwanga wowote uonekanao. Hicho ndicho kilichopanda kuliko vyote. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa miali isiyoonekana iliyo chini ya nyekundu, na chanzo chake ni mtu aliyetafuta kioo cha kukinga macho yake. Ugunduzi huo waeleza pia kwa nini kioo kilichofukizwa moshi, ambacho watu wa nchi nyingi walizoea kukitumia wakati wa kupatwa kwa jua, ni cha hatari: jicho huridhika kwa kuwa mwanga umepungua, na miali ya joto yaendelea kupita. Mwaka 1801 Herschel alijaribu hata wino uliochanganywa na maji, uliotiwa kati ya vioo viwili, nao ukampa jua jeupe lenye madoa dhahiri.

Mwanawe, John Herschel, alishika njia nyingine. Alikuwa Afrika ya Kusini, katika Rasi ya Tumaini Jema, kati ya 1834 na 1838, na huko aliyachunguza madoa pamoja na kuzipima nyota za kusini. Fikira yake ilikuwa kuuondoa mwanga mwingi kabla haujafika kwenye kioo chochote cheusi: kipande cha kioo kisichopakwa fedha huakisi sehemu ndogo tu ya mwanga, karibu sehemu 5 katika 100, na zinazobaki hupenya na kutoka nje. Kioo cheusi kinachofuata hubakiwa na kazi nyepesi. Hili lilikuwa jambo la maana, kwa sababu kioo cheusi kikiwekwa karibu na lenzi ya jicho, mahali miali inapokutana, huweza kupasuka ghafula kwa joto, na jicho la mtazamaji liko pale pale nyuma yake.

Heinrich Schwabe, mwuza dawa wa Dessau, ndiye shahidi mkubwa wa upande wa kioo cheusi. Tangu mwaka 1826 alilitazama jua kila siku ya hewa safi, akitafuta sayari aliyodhani iko ndani ya njia ya Utaridi. Hakuipata, maana haipo. Lakini alikuwa amehesabu makundi ya madoa, na baada ya miaka 17 akaona kwamba huongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka karibu 10. Rudolf Wolf wa Uswisi alikusanya michoro na hesabu za watu waliotangulia, akiwamo Scheiner na wenzake, akakitengeneza kipindi hicho kuwa miaka 11 na kidogo. Mtu aweza kusema kwamba Schwabe aivunja hoja ya karatasi, kwa kuwa yeye aliweka jicho lake kwenye darubini. Yaivunja kwa upande mmoja. Ila hata yeye, kila alichokiona alikiandika na kukichora siku ile ile. Na Wolf asingalikuwa na lolote la kuhesabu kama wazee wa karne ya 17 wasingaliacha ila kumbukumbu za macho yao.

Tukio lililoidhihirisha nguvu ya taswira iliyoangushwa lilitokea Redhill, kusini mwa London, tarehe 1 Septemba 1859. Richard Carrington alikuwa ameanza mwaka 1853 kupima mahali pa madoa, na kwa vipimo vyake alionyesha kwamba jua halizunguki kama jiwe: karibu na ikweta yake mzunguko huchukua siku 25, na kadiri mtu aendavyo mbali na ikweta ndivyo unavyozidi kuchelewa. Chombo chake kilikuwa darubini iliyoiangusha taswira yenye upana wa inchi 11 juu ya kioo kilichopakwa rangi hafifu ya majani makavu. Saa 5 na dakika 18 asubuhi, alipokuwa akilichora kundi kubwa la madoa, vilitokea ghafula vibaka viwili vya mwanga mweupe mkali kuliko jua lenyewe. Fikira yake ya kwanza ilikuwa kwamba kinga iliyowekwa mbele ya darubini imetoboka na mwali mmoja umepenya. Akaisogeza taswira: vibaka vikasogea pamoja na jua. Basi havikutoka katika tundu, vilikuwa juani. Jaribio hilo lilimchukua nukta chache, na liliwezekana kwa sababu alikuwa na taswira ya kuisogeza.

Akakimbia kumwita mtu wa kushuhudia. Aliporudi, kabla ya sekunde 60 kwisha, mwanga ulikuwa umekwisha kufifia, na baada ya dakika 5 tangu uanze haukuwapo tena. Kwa bahati Richard Hodgson, mtazamaji mwingine karibu na London, aliuona mwanga ule ule kwa darubini yake, na ushahidi wao ulipelekwa mbele ya chama cha wataalamu wa falaki mwezi wa Novemba. Vipima-sumaku vya Kew vilikuwa vimetikisika dakika zile zile, na baada ya saa karibu 17 dhoruba kubwa ya sumaku iliikumba dunia, nyaya za telegrafu zikatoa cheche, na mianga ya ncha za dunia ikaonekana hata katika bahari ya Karibiani. Carrington aliyataja mambo hayo, lakini alikataa kusema upesi kwamba moja limezaa jingine. Leo inajulikana kwamba ndivyo lilivyokuwa.

Picha za kamera zilifuata. Greenwich ilipiga picha ya jua tangu 1874 hadi 1976, na siku ambazo mawingu ya Uingereza yalifunika, pengo lilizibwa kwa picha za Rasi, za India na za Mauritius, hivyo Bahari ya Hindi ina sehemu yake katika daftari hilo. Mwaka 1908 George Ellery Hale, juu ya Mount Wilson huko California, alithibitisha kwamba madoa ni mahali penye nguvu kubwa ya sumaku. Na mwaka 1930 Bernard Lyot wa Ufaransa alitengeneza darubini yenye kisahani cha kulifunika jua ndani yake, akaliona taji la jua pasipo kungoja lipatwe.

Kwa watu wa kawaida vyombo vimekuwa rahisi. Tarehe 1 Septemba 2016, miaka 157 kamili baada ya siku ya Carrington, jua lilipatwa kwa umbo la pete kusini mwa Tanzania, na umati ulikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, wengi wakiwa na miwani ya karatasi yenye utando mweusi. Kanuni ya kimataifa ya miwani hiyo hairuhusu kupita mwanga uonekanao zaidi ya sehemu 32 katika kila milioni. Miwani ni ya jicho tupu. Mtu akiivaa na kuchungulia katika darubini, miali iliyokusanywa huunguza utando kwa mara moja, kisha jicho. Kwa darubini, kinga hukaa mbele ya lenzi ya kwanza, au karatasi hukaa nyuma ya lenzi ya mwisho.

Na karatasi haikustaafu. Huko Mount Wilson, kuanzia mwezi wa Januari 1917, taswira ya jua yenye upana wa zaidi ya sentimeta 40 iliangushwa juu ya meza chini ya mnara, na mtu akachora kila doa kwa penseli. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Katika kituo cha Locarno, Uswisi, ambacho hesabu zake za madoa hutumiwa kuwa kigezo cha kuzisahihisha za vituo vingine, taswira ni ya sentimeta 25. Darubini huelekezwa juani asubuhi, duara hujazwa sawasawa, na mchoraji huliangukia jua kwa mgongo.